Mvua Haingoji King'ora

Mvua haingoji king'ora. Methali hii ilianza hivi, na kabla sijaenda mbali, Teonasi, iweke chini hiyo simu. Haitalia kwa kutazamwa.

Unasema umeisikia kwa jirani, Mama Sakina, alipokukuta umekaa barazani siku ya kumi na mbili mfululizo na simu mkononi. Ukadhani ni msemo wa Wazigua wa kale. Dada yako Filomena naye ananiuliza mvua na king'ora vimekutana wapi. Vilikutana kwangu. Methali nyingine zilitungwa na watu wenye busara wakiwa wametulia. Hii nilisemewa mimi, bibi yenu Asumta, kwa ujinga wangu, na nilikaa miaka mingi kabla ya kuweza kuitamka. Haya, sogeeni.

Mimi na marehemu babu yenu Nandonde tulikuwa watu wa mkonge. Tulitoka Newala tukiwa vijana, tukapewa chumba Kambi Namba Tano, katika shamba moja kubwa la huku Tanga ambalo leo limebaki pori. Yeye alilisha majani kwenye korona, ile mashine inayoparua majani ya mkonge na kubakiza singa, yaani nyuzi zake. Mimi nilikuwa brashini, nikisafisha singa zilizokwisha kukauka. Ukitoka kule jioni una vumbi mpaka kwenye kope, na mumeo anakutambua kwa sauti.

Kambi nzima iliishi kwa king'ora. Kikilia alfajiri tunaamka, kikilia saa sita tunaweka sufuria motoni. Mtu akikuuliza mtoto wako alizaliwa lini, unamwambia alizaliwa baada ya king'ora cha pili, naye anaelewa. Lakini kilipolia mara tatu mfululizo, hiyo ilikuwa amri. Hata kama unaoga, ulivaa ukakimbia getini. Majina yaliandikwa kwa jinsi watu walivyofika, na asiyekuwepo nafasi yake alipewa mwingine. Nilimwona mwanamke akipoteza kazi kwa sababu alirudi ndani kuzima moto.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka. Walisema dunia imepata kamba za nailoni, haitaki tena singa zetu. Sisi tulisikia hivyo kama mtu anavyosikia habari za msiba wa mtaa wa pili. Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza tukakusanywa getini, na karani mmoja akiitwa Kilimba akasoma majina thelathini. Tukajua hao ndio wanaoachishwa. Tukaanza kuwapa pole, wengine wakawashika mabega, mama mmoja akalia. Kilimba akangoja tunyamaze, akasema hao thelathini ndio wanaobaki.

Tulikuwa zaidi ya mia mbili na arobaini pale. Nakumbuka nilitazama mikono yangu, sijui kwa nini.

"Vyumba kaeni tu," Kilimba akasema. "Msitawanyike. Kazi ikirudi, king'ora kitalia mara tatu, na mtaandikwa kama kawaida. Atakayewahi ndiye atakayepata."

Labda alisema vile kutufariji. Lakini maneno yale yalitufunga miguu. Nani angekwenda mbali? Aliyekuwa na kaka Muheza hakwenda kwa kaka. Aliyeitwa kuchoma mkaa alisema ni mbali mno, hatasikia. Wiki zikapita, unga wa kampuni ukakoma, nasi tumekaa vibarazani, masikio yamesimama.

Mnacheka? Ngojeni niwaambie. Tuliacha kutwanga kwa pamoja. Sauti ya vinu vingi ingeweza kukimeza king'ora, kwa hiyo tulitwanga kwa zamu, mmoja anatwanga, mwenzake amekaa pembeni anasikiliza. Watoto wakipiga kelele tuliwachapa. Mama yenu Kostansia alikuwa na miaka minane, akazoea kuongea kwa kunong'ona. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisikia mlio kichwani hata pasipo na mlio, nashika kanga, kisha nagundua ni upepo kwenye bati. Hofu ya namna ile haina adui wa kupigana naye. Inakula tu.

Babu yenu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alirudi akasema amepata shamba. Upande wa pili wa kilima kulikuwa na Mzigua mmoja, Mzee Semboja, mwenye ardhi kubwa na magoti mabovu. Alimpa ekari moja alime bure, sharti lake awe anamchotea maji.

"Ni mwendo wa saa moja na nusu," nikamwambia. "Nyuma ya kilima. Huko king'ora hakifiki."

"Hakifiki," akakubali.

"Sasa kikilia?"

"Mama Kosta, tutakula nini mwezi wa saba?"

Nikanuna. Mwanamke akikosa jibu hununa, Filomena, utajifunza. Tukapatana hivi: yeye aende akafyeke na kulima, mimi nibaki kambini kusikiliza. Akaenda peke yake wiki tano. Juu ya meko yangu kulikuwa na mahindi ya mbegu, nimeyafunga kwa maganda yake yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Ukiyapukuchua yote yalikuwa pishi nne. Hatukuwa na mbegu nyingine, wala wa kutukopesha, maana kambi nzima ilikuwa imekwisha kula mbegu zake. Kila nilipopika niliyatazama yale mahindi, na njaa ilikuwa ikiniambia maneno, lakini sikuyagusa. Hilo nijisifu nalo kidogo.

Mvua ya masika ikachelewa, kisha ikashuka Jumanne. Mzee Semboja alikuwa amemwonya babu yenu: ardhi ile ni ya kichanga, inakunywa maji na kuyasahau. Ukipata mvua ya kwanza una siku tatu za kupanda. Baada ya hapo usijisumbue.

Kupanda kunataka watu wawili, mmoja anachimba mashimo, mwingine anadondosha punje na kufukia kwa unyayo. Babu yenu hakuniomba. Alichukua jembe akasimama mlangoni, akanitazama tu. Nikapukuchua mbegu, nikamwacha Kostansia kwa jirani, nikaenda.

Lakini nilikwenda nusu. Mwili ulikuwa shambani na masikio yalikuwa getini. Niligundua kwamba ukipanda juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, upepo ukivuma kutoka kambini unaweza kusikia. Basi kila baada ya mistari michache nilipanda juu nikasimama. Babu yenu alikuwa anachimba, anafika mwisho wa mstari, anageuka, ananiona kule juu kama mlingoti. Alianza kudondosha punje mwenyewe, halafu anarudi kuchimba. Jumatano tukamaliza nusu ya shamba, kazi ambayo watu wawili wenye akili timamu wangeimaliza yote.

Alhamisi mvua ilikuwa inanyesha vizuri, ile ya kutulia. Nilikuwa nimefunga mbegu zilizobaki kwenye pindo la kanga, kiunoni. Nikapanda juu kama kawaida yangu. Na hapo nikakisikia. Kililia mara ya kwanza, nikasema ni kichwa changu. Kikalia mara ya pili. Kikalia mara ya tatu.

Sikuwahi kukimbia vile, kabla wala baada.

"Mama Kosta, unakwenda wapi?" Babu yenu aliniita kutoka shambani, amesimama na jembe.

"Kimelia! Mara tatu! Hukusikia?"

"Nasikia mvua," akasema. "Tumebakiza nusu."

"Nusu ya nini, na kazi imerudi? Njoo twende!"

Hakusogea. Alisema neno jingine, lakini nilikuwa nimekwisha geuka na mvua ilikuwa masikioni, sikulisikia. Baadaye nilikuja kuambiwa ni neno gani. Alisema, "Acha mbegu."

Nikakimbia na mbegu kiunoni.

Nilifika getini nikiwa wa saba. Wa saba kati ya watu zaidi ya mia mbili, hebu fikirini! Niliona fahari. Nilisema moyoni, yule mzee wangu acha abaki na udongo wake, mimi nitamwandikisha na jina lake pia. Nyuma yangu watu wanamiminika, wengine na majembe, wengine na mikono ina tope, maana baadhi walikuwa wameanza kupanda vishamba vyao nyuma ya kambi. Wote wakaacha. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani alikuwepo askari mgeni, tukamuuliza, akasema yeye ameambiwa asifungue tu.

Basi tukangoja. Mvua inanyesha, hakuna aliyetoka kwenye mstari, maana ukitoka umepoteza namba yako. Tulikesha pale. Ijumaa ikapita nusu, mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikaacha. Saa tisa hivi Kilimba akatokea ndani amebeba mwavuli ambao hauna kazi tena.

"Mnangoja nini nyinyi?" akauliza, na kweli alikuwa anashangaa.

"Tumeitwa," mtu wa kwanza akajibu. "Kimelia mara tatu."

Kilimba akainamisha kichwa. Halafu akatueleza kwamba kampuni inauza mitambo, na wanunuzi walikuja jana. Walitaka kujua kama king'ora ni kizima kabla ya kukinunua. Kikapigwa. Mmoja hakuridhika, kikapigwa tena. Kisha na mwenzake akataka kusikia.

"Kesho wanakifungua wakichukue," akasema. "Nendeni nyumbani, ndugu zangu. Hakuna kazi hapa."

Watu walibaki kwenye mstari ule ule kwa muda, kila mtu amelinda namba yake. Mimi ndipo nilipoweka mkono kiunoni. Nilifungua pindo la kanga, nikakuta mahindi yamevimba, mengine yametoa mzizi mweupe. Yalikuwa yamengoja mvua juu ya meko miezi yote ile, yakaipata kwenye kanga yangu.

Nilirudi nyuma ya kilima kwa miguu yangu hii. Jua lilikuwa limetoka. Babu yenu alikuwa amekwisha chimba mashimo yote yaliyobaki, mstari kwa mstari, akikisia nitarudi. Nikamwonyesha kanga. Akachukua punje moja akaitazama, akasema, "Tupande." Tukapanda kwenye mashimo yaliyokwisha kukauka midomo. Jua likawaka wiki tatu mfululizo.

Nusu ya kwanza iliota. Nusu ya pili zilichomoza chache, zikageuka njano, zikafa. Na mpaka kati ya nusu hizi mbili ulikuwa umenyooka, unauona toka mbali. Ulikuwa pale pale tulipokuwa tumefikia nilipokimbia.

Njia ya kwenda gulioni ilipita kando ya shamba lile. Watu wakawa wanasimama. "Nandonde, mbona shamba lako limekatika hivi?" Naye babu yenu hakuwahi kunitaja, hakuwahi kusema mke wangu alifanya hivi. Alijibu maneno matatu, kila mtu na kila wiki: "Mvua haingoji king'ora." Watu wa kambini walielewa mara moja, kwa sababu na wao walikuwa getini. Wakalichukua neno wakaondoka nalo, na kambi ilipotawanyika likatawanyika nao. Mimi niko pembeni napalilia, nasikia. Afadhali angenipiga makofi.

Mahindi ya nusu shamba yaliisha mwezi wa kumi. Tukampeleka Kostansia kwa shangazi yake Korogwe, kwa miezi mitatu, tukasema, mpaka tupate chakula. Alikaa miaka saba. Nyinyi mmekuwa mkijiuliza kwa nini mama yenu humwita yule shangazi "Mama", na mimi huniita "Mama Asumta", kwa heshima, kama mgeni. Sasa mmejua. Simlaumu. Alikuwa mtoto, akampenda aliyemlisha.

Usilie, Filomena. Niletee maji.

Na wewe Teonasi, mume wangu mdogo, ulisema mmepunguzwa tisini kiwandani, mkaambiwa mtapigiwa simu. Na mjomba wako wa Handeni kasema nini?

"Anapanda ufuta wiki hii, Bibi. Anataka mtu wa kusaidiana naye, tugawane mavuno."

Sasa hapa unafanya nini?

"Kule hakuna mtandao. Mpaka upande juu ya kichuguu, tena asubuhi tu." Na sasa unaniuliza, kwa sauti ndogo kama ya mama yako utotoni: "Sasa wakipiga, Bibi?"

Niliuliza hivyo hivyo, mjukuu wangu. Maneno yale yale, mlangoni kwangu, mwezi wa pili wa mwaka ule. Mimi sikuambii kazi haitarudi. Huenda ikarudi, nami nitafurahi. Nakuambia tu kwamba nilikuwa wa saba kwenye mstari.

Tazama kule Handeni mawingu yalivyoshuka. Mvua haingoji king'ora.