Mashine ya Mlimakongo na Jina Lililokosa Mwenyewe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana mimi nilikuwepo, palikuwa na shule ya wasioona mahali paitwapo Mlimakongo. Darasa la saba tulikuwa kumi na mmoja, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki nne. Tegeni masikio, kwani mwishoni nitawauliza, na asiyesikiliza asijibu.

Shule ilikuwa na mashine moja ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi yetu ya vidole. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Shida ni kwamba ilitii kompyuta moja tu, kuukuu, iliyokuja nayo kutoka kiwandani, na kiwanda kilikwisha fungwa. Ukiichomekea kompyuta nyingine, inanyamaza. Na ile kuukuu ilikuwa mahututi, leo inawaka, kesho inagoma. Ikifa, hatuna mazoezi wala karatasi za mtihani, tutasomewa na mtu neno kwa neno kama watoto wa chekechea. Jambo hilo lilituuma sana, kwa sababu tulijua kusoma, tena kwa kasi.

Shule ile ilikuwa na desturi. Kitu kikifufuliwa, hupewa jina la aliyekifufua. Pampu ya maji iliitwa Chiduo. Cherehani iliitwa Mama Ndeshi. Kitu kimoja, jina moja, maana ukitaka maji huwezi kuita ukoo mzima.

Basi akaja Nyamizi, fundi wa kompyuta kutoka mjini. Alikuwa na programu huria iliyotungwa na mtu wa Bungoma aitwaye Barasa, ambaye aliiachia dunia nzima bure, kila mstari wake wazi. Nyamizi akaipakia kwenye kikompyuta kidogo cha kutosha kiganjani, akakichomeka katikati ya waya wa USB, huku kompyuta kuukuu, huku mashine. Kila lililosemwa likapitia kwake. Kompyuta ikipiga hodi, ananasa. Mashine ikijibu karibu, ananasa. Akakaa siku mbili kama mbea aliyesikia ugomvi wa jirani, mpaka akajua wanavyosalimiana.

Lakini kila jaribio lilikula karatasi, na karatasi zetu nene zilibaki ishirini. Ndipo Shekalaghe, mwalimu wa hesabu, akasema kompyuta idanganywe. Akachukua programu ile ile na salamu zile alizonasa Nyamizi, akakifundisha kikompyuta kuiga mashine. Akaitoa mashine, akachomeka kikompyuta. Kompyuta ikapiga hodi, kikajibu karibu. Kompyuta ikauliza kama karatasi ipo, kikajibu ipo. Uongo mtupu, nayo ikaamini. Kutwa nzima ikachapa herufi zote, tarakimu zote na vitabu vitatu, wala karatasi moja haikutumika, na yote yakahifadhiwa. Jioni kompyuta kuukuu ikazima, haikuwaka tena.

Siku ya pili mashine ikaunganishwa na kompyuta mpya iliyofundishwa lugha ile. Ikanguruma. Shekalaghe akatazama karatasi inavyotoka, akaona nukta zimekaa kinyume. Akazigeuza kwenye kompyuta, akatazama tena, akaridhika. Wakapigiana makofi.

Bi Sikujua, mwalimu wetu wa kusoma, asiyeona tangu kuzaliwa, akapitisha kidole mstari mmoja. Akacheka.

"Shekalaghe mwanangu, umeikagua upande wa mashimo. Sisi tunasoma upande wa vinundu. Umeyaandikia macho, hukuviandikia vidole."

Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Siku ile aliambiwa geuza. Bi Sikujua akakaa siku mbili akigusa alama moja moja na kusahihisha, mpaka karatasi ikanyooka. Nikaitwa mimi niisome mbele ya shule. Nikasoma bila kukwama, na moyo ukanijaa fahari. Hata leo ungali umejaa.

Sasa jina. Mwalimu mkuu, Mama Kokuhirwa, akaweka karatasi kwenye mashine, akauliza lichapwe jina la nani.

Nyamizi akasema, "Mimi ndiye niliyekaa katikati ya waya. Bila mimi, Shekalaghe angepigiwa hodi akajibu nini?"

Shekalaghe akasema, "Wewe ulinasa salamu. Lugha nzima niliitoa mimi, siku ya mwisho ya uhai wa kompyuta ile. Nilikosea upande, sikatai. Asiyefanya kitu ndiye asiyekosea."

Bi Sikujua akasema, "Mlikuwa na karatasi yenye matundu. Mimi ndiye niliyeifanya maandishi."

Nyamizi, kwa kupenda haki, akampigia simu Barasa, tukamsikia sote. Akasema hakujua kama shule yetu ipo duniani. "Ila miaka sita niliitunga programu hiyo, na ningeweza kuifunga kama kiwanda chenu kilivyofunga siri zake. Sikufunga. Mkinipa jina nitatembea kifua mbele. Msiponipa, programu ni yenu vile vile."

Mama Kokuhirwa akasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mashine haiwezi kuwa na majina manne. Akatuachia sisi kumi na mmoja tuamue, kwa kuwa vidole ni vyetu. Tukabishana wiki nzima. Mtihani ukafika tukiwa bado tunabishana. Tukausoma kwa vidole vyetu wenyewe, na sote tukafaulu.

Leo mimi ndiye mwalimu wa kusoma pale Mlimakongo. Mashine ingali inanguruma, na watoto huiita "ile", jambo linalonitia aibu. Karatasi ile aliyoiweka Mama Kokuhirwa tumeitunza. Nukta zake zinasema "Mashine hii ni", kisha kidole kinateleza, hakuna kitu. Kila mwaka darasa jipya huigusa, likafika hapo likaniuliza jina ni la nani.

Haya, ninyi mliosikiliza, lijazeni pengo hilo. Barasa aliyeacha wazi, Nyamizi aliyenasa, Shekalaghe aliyeiga, au Bi Sikujua aliyegusa. Je, nani alistahili?