Saruji Iliyounganishwa Mkiani

Yadi ya treni haimpendi mvivu. Mabehewa huingia yamechanganyika kama mboga za sokoni, na mpangaji huyatenga kwa safari zake, kisha akayaunga upya yawe treni.

Mwanaima wa Kikoneni na Mulinge wa Ukunda walikuwa wakijifunza kazi hiyo Mombasa. Nafasi ya ajira ilikuwa moja tu. Kule Kikoneni watu walishasema reli si kazi ya mwanamke, na Mwanaima alijua akishindwa atachekwa hadi kisimani.

Siku ya mtihani, msimamizi wao, Bi Rispah, alimpa kila mmoja treni yake. "Mtaacha saruji Mazeras, kisha mpeleke maji Samburu. Watu wana kiu huko. Atakayeyafikisha kwanza, kazi ni yake."

Mulinge aliyaunga mabehewa yalivyomjia, saruji na maji shaghalabaghala, akadandia. "Dada, nikufunikie chai Samburu?" alimtania.

Utani ule ulimuuma Mwanaima, lakini aliendelea kupanga. Alikuwa binti wa mchuuzi wa machungwa, na alijua kuwa mzigo unaoshuka kwanza hupakiwa mwisho. Akaanza na maji, saruji yote akaiweka mkiani.

"Mwenzio keshaondoka, jamani!" dereva wake, Mwau, alilalamika.

"Subira, kaka Mwau. Bado behewa moja."

Walipofika Mazeras walimkuta Mulinge jasho likimtiririka. Treni yake ilikuwa imekatwa vipande vipande kwenye njia ya pembeni, na kichwa cha treni kilikwenda mbele na kurudi nyuma kikitafuta saruji katikati ya maji. Maskini, hakujua aanzie wapi! Mwanaima alirudisha mkia wa treni yake kwenye njia nyingine, akafungua kiungo kimoja tu, saruji yote ikabaki. Wakampita.

Samburu walipokewa kwa vigelegele. Mitungi ilijaa, watoto wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma.

"Shikamoo, mama," Mwanaima alimwamkia bibi mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Nani katuletea maji haya?"

"Mimi, Mwanaima wa Kikoneni! Treni hii nimeipanga mwenyewe."

Bi Rispah alipopigiwa simu alicheka kwa furaha. "Hongera, binti yangu. Kazi ni yako."

Mulinge aliwasili jua likiwa limeshapinda, uso umejaa vumbi. Akampa mkono. "Umeniweza, dada."

Ama kweli, kutangulia si kufika.