Mgongo Hautazami Picha

Mgongo hautazami picha. Mmeisikia leo dukani, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Nitawaambia, ingawa kwangu mimi si ya kuchekesha. Methali hii ilianza hapahapa Kilosa, na ilianza hivi.

Palikuwa na fundi cherehani, Mkude, aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mmoja wa miaka minane, Semeni. Kila Jumamosi Mkude aliazima mkanda wa video. Alikuwa mwangalifu, mkanda wenye bunduki kwenye jalada hakuugusa. Semeni alikaa mkekani mbele ya televisheni, na baba akakaa kwenye cherehani, uso dirishani apate mwanga, mgongo kwenye televisheni. Akisikia watu wanacheka, naye alicheka. Majirani tulimsifu kwamba huyo ndiye baba anayetazama picha na mwanawe.

Jumamosi moja alileta mkanda wenye jalada la watoto na mbuzi mweupe. Tangu jioni ile Semeni akakataa chakula. Kwanza tulidhani anadeka. Siku ya nne hakuweza kusimama, na zahanati hawakuona ugonjwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba karogwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wao.

Ndipo akaja Mwantumu, dada yake Mkude. Aliuliza mtoto alifanya nini kabla ya kuugua, akaambiwa alitazama picha na baba yake.

"Picha yenyewe ilihusu nini?"

"Watoto na mbuzi," Mkude akajibu.

"Huyo mbuzi alifanya nini?"

Mkude akageukia cherehani yake.

"Kaka, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, dada. Nilikuwa nashona."

"Basi uliokuwepo ni mgongo wako. Mgongo hautazami picha."

Mkude akaenda kuuazima tena mkanda ule. Akageuza kiti, akampakata Semeni, wakautazama pamoja, nasi majirani tukiwamo. Katikati ya picha, msichana aliyefiwa na mama yake alikataa kula siku saba, na siku ya saba mama akarudi. Mkude akazima televisheni. Sote tuliokuwamo tulielewa, na tuliona aibu.

"Zimebaki siku tatu, baba," Semeni akasema.

Mkude alilia mbele yetu bila kujificha. Kisha akamwambia mwanawe neno aliloliogopa tangu mazishi, kwamba mama hatarudi, hata wafunge mwaka mzima. Mtoto akauliza, baba akajibu, mpaka uji aliowekewa ukapoa. Mwantumu akaupasha moto, na Semeni akanywa vijiko vitatu, halafu kikombe.

Baada ya hapo Mkude alitazama kila mkanda kwanza peke yake, kisha na Semeni, cherehani ikiwa imefunikwa, na wakimaliza wakaulizana walichokiona.

Sasa ninyi, mlipoingia hapa niliwauliza wadogo zenu wako wapi. Mkasema wako kwenye televisheni, na mama yenu yuko jikoni, anawasikia. Basi rudini mkamwambie, tena kwa heshima: mgongo hautazami picha.