Siwa ya Kwanza Iko Wapi?

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanaona haya kudanganya mchana kweupe, mji wa Ukimani ulikuwa na sheria moja ya vita. Askari havuki mto mpaka wakuu saba wa mitaa wasimame uwanjani, mmoja mmoja, kwa jina lake, waseme: "Ndiyo, vita." Hapo ndipo hulia siwa, ile baragumu kubwa ya pembe. Ikilia mara ya kwanza, askari huvuka. Ikilia mara ya pili, hurudi. Na kila askari aliapa kutorudi kwa mwito mwingine wowote, maana adui naye anajua kutuma mjumbe. Anayefungua vita bila zile ndiyo saba hutolewa kwa lango la kaskazini, asionekane tena.

Siwa ilitunzwa na Mwanajumbe, mke wa askari aitwaye Shee.

Siku moja watu wa Tandavu, ng'ambo ya mto, waliwakamata wachota chumvi kumi na wawili wa Ukimani. Mfalme Chande hakuwaita wakuu. "Watabishana siku saba, na wale watakuwa wamekufa," alisema. Akamwita Amiri Ngwali, akampa askari mia mbili, Shee akiwemo.

"Hivi si vita," alimwambia. "Ni matembezi."

Mateka walirudi siku ya tatu. Askari hawakurudi. Tandavu waliwabana mlimani, wakawaachia njia moja tu, ya kushukia mtoni. Kufikia mwezi wa pili, askari kumi walikuwa wamekufa, na waliobaki wanachemsha ngozi za viatu. Mfalme akatuma mjumbe: rudini. Amiri akajibu: "Sijasikia siwa."

Mfalme akaenda kwa Mwanajumbe, akamkuta anapepeta mchele.

"Mwanangu, ipulize. Mara moja tu, ya kurudi."

"Ya kurudi ni ya pili, Mwinyi. Ya kwanza iko wapi?"

"Hapakuwa na vita. Yalikuwa matembezi."

"Basi waliotembea watarudi wakichoka."

"Mumeo yuko kule!"

"Najua aliko. Nenda uwanjani useme ni vita, uwaombe wakuu ndiyo zao."

"Nikisema vita, nimejitoa mwenyewe kwa lango la kaskazini."

"Lango ni pana, Mwinyi. Utapita."

Mfalme akaondoka kwa hasira. Mwanajumbe akaweka ungo chini, akaenda kwa wakuu. Mmoja jino lilimuuma. Mwingine alikuwa shamba, ingawa viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimeloa maji ya udhu. Akamfikia msemaji wao, Mzee Mshindo.

"Hatukuulizwa, binti yangu. Tukisema ndiyo leo, damu ya jana itakuwa yetu."

"Na mkinyamaza?"

"Aliyenyamaza hatajwi."

"Mtatajwa," alisema Mwanajumbe.

Adhuhuri akapanda juu ya lango, mji mzima ukitazama, akapuliza. Kule mlimani Tandavu waliposikia siwa ya vita walifyatua kila mshale waliokuwa nao. Askari thelathini wakaanguka. Akapuliza tena. Mia moja na sitini wakarudi, na Shee alikuwa mmoja wao.

Kesho yake uwanja ulifurika, na lango la kaskazini likafunguliwa.

"Mimi nilituma matembezi," alisema mfalme. "Waulizeni mama za wale kumi na wawili kama nilikosea. Vita vilifunguliwa na siwa."

"Mimi nilitumwa," alisema Amiri Ngwali. "Nilivuka bila siwa, sikatai. Bila siwa sikurudi."

"Sisi hatukusema neno," alisema Mzee Mshindo.

"Na mimi nilisikia siwa," alisema mjane mmoja, akimkazia macho Mwanajumbe. "Shee wako leo kala nyumbani, bibi. Wangu?"

Mwanajumbe hakuinamisha kichwa.

"Nilipuliza bila ndiyo hata moja, dada, na jina langu mnalijua. Nilimtaka mume wangu, hilo nalo liandikwe. Lakini kama vita vilianza jana adhuhuri, wale kumi wa kwanza walikufa wakitembea kwenda wapi?"

Akabeba siwa begani, akaenda kusimama katikati ya lango, uso ukiuelekea mji.

"Nionyesheni aliyefungua vita. Nikiwa mimi, nageuka naenda. Akiwa mwingine, nampisha."

Lango liko wazi, na sheria inataka mtu atoke. Haya, ninyi mnaosikia: je, nani alifungua vita?