Mstari wa Kiboko Kwenye Kasiki la Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, nyua na majirani, ilikuwa Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, jua limeshaanza kuunguza na angani hakuna hata kipande cha wingu. Kiboko alisimama nyuma ya nyumba yake akilitazama bwawa lake likivuja.

Tii... tii... tii...

Maji yalikuwa yakipenya kwenye ufa wa ukuta wa magharibi. Jana yalimfika magotini. Leo yalimfika kwenye vifundo vya miguu.

Ndani ya bwawa hilo waliishi perege arubaini. Marehemu mkewe ndiye aliyewalea tangu wakiwa wadogo kama punje za mpunga, na siku ya kufariki kwake alimshika Kiboko mkono akamwambia, "Mume wangu, nyumba nakuachia, shamba nakuachia, lakini hawa nakukabidhi." Kiboko aliapa kwamba hatapotea hata mmoja. Ndiyo maana, watoto, asubuhi ile hakuweza kunywa hata uji.

Alimwita Tembo, fundi wa kuta na visima. Tembo akaupapasa ufa kwa mkonga, akaguna.

"Huu hauzibiki maji yakiwamo. Kwanza tulikaushe bwawa, kisha tukwangue tope, kisha tusiribe udongo wa kichuguu, kisha tuuache ukauke. Siku kumi na moja."

"Na perege wangu?"

"Wahamishe."

"Niwahamishie wapi, fundi? Nina masufuria mawili na beseni lenye tundu!"

Hapo Nguchiro akachomoza uani, mdogo, mwembamba, macho yakicheza.

"Hodi hodi! Shikamoo, baba Kiboko. Shikamoo, fundi. Nimesikia mna shida, miguu ikanileta yenyewe."

"Marahaba. Umesikia ukiwa wapi?"

"Ah, baba! Ukihema wewe, mtaa mzima unasikia." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Kwangu lipo kasiki la maji la bibi yangu, kubwa, hata ndama angelala ndani. Lipo kivulini, mbali na vumbi la fundi. Nitawatunza perege wako siku zote kumi na moja, na sitaki chochote."

Kiboko akamkazia macho. "Wewe huli samaki?"

"Mimi? Salaala! Mimi ni mtu wa mayai na nyoka, dunia nzima inajua. Samaki ana miba, baba. Inikwame kooni nife, niwaachie wanangu aibu?"

Kiboko hakuwa mzembe. Aliwapeleka perege mwenyewe, akawahesabu mmoja mmoja wakiingia kasikini, chubwi! chubwi! mpaka wakatimia arubaini. Kisha akalijaza kasiki maji. Kisha akachukua msumari na kukwaruza mstari kwa ndani, pale pale maji yalipoishia.

"Sikiliza, kijana. Ukila samaki mmoja, maji yatashuka. Yakishuka, mstari utabaki juu peke yake. Na mimi nitakuja kila siku, saa kumi jioni, kuutazama."

"Lo! Akili hii umesomea wapi, baba?"

Kiboko akavimba kwa furaha, ukubwa wake ukaongezeka. Nguchiro akafunika kasiki kwa ungo, akaacha upenyo wa vidole viwili tu. "Mwanga ukiwapiga hawali," alisema. "Wewe tazama mstari wako hapa. Ukitaka kujua kama wazima, gonga."

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, Kiboko alikuja. Alipogonga, ngo! ngo! maji yalipigwa mikia, chubwi! na sauti nyingi zikatoka chini ya ungo: "Baba Kiboko! Tunapungua! Fungua utuhesabu!"

Kiboko akashtuka. "Wanasema nini hawa?"

"Wanalalamika, baba. Wametoka kwenye bwawa wameingia kasikini. Hata wewe ukilala kwa jirani utalalamikia godoro. Utazame mstari."

Kiboko akachungulia. Maji yalikuwa mstarini hasa, hayakupungua hata unene wa unywele.

"Vumilieni, wanangu," akasema kupitia upenyo. "Nimeuona mstari."

Siku ya nne, sauti zilikuwa chache. "Umesikia?" Nguchiro akanong'ona. "Wameanza kuzoea."

Siku ya nane ilisikika sauti moja tu. Alikuwa Bibi Perege, mkubwa wao, yule mwenye mkia uliochanika.

"Kiboko, mwanangu," alisema polepole, "ingiza mkono."

Kiboko akanyoosha mkono kuelekea ungo. Nguchiro hakumzuia. Alisogea kando, akamwachia nafasi.

"Ingiza, baba, ingiza. Mkono mkubwa huo! Lakini utakaowaponda usije ukanidai mimi."

Kiboko akautazama mkono wake, mpana kama sinia la pilau. Akakumbuka kiapo. Akaurudisha.

Jioni ile Tembo, akiwa amejaa udongo mpaka masikioni, alimuuliza, "Wanasemaje perege wako?"

"Mwanzoni walipiga makelele sana. Sasa wametulia kabisa."

"Basi huyo mlezi hasa. Ningempata wa kunitunzia wanangu!"

Siku ya kumi na moja bwawa lilikamilika, ukuta laini kama kikombe, maji mapya yakimeremeta. Kiboko na Tembo wakaenda kwa Nguchiro. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Mlango u wazi, mkeka haupo. Kasiki lilikuwepo, limejaa mpaka mstarini.

Walilibeba mpaka bwawani, wakaliinamisha.

Mwaaa! Maji yakamwagika. Yakamwagika tena maji. Mwishoni kabisa, chubwi! Bibi Perege.

Kiboko akangoja. Viduara juu ya maji vikapanuka, vikafifia, vikaisha.

"Bibi, wengine wako wapi?"

"Kila nyayo zako zilipopotea, alifunua ungo akatoa mmoja, wakati mwingine wanne. Kwa kila mmoja aliyemla, alichota kata moja ya maji mtungini, chwaa! akamimina mpaka yakafika kwenye mstari wako."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia."

Kiboko akaligeukia kasiki. "Lakini mstari..."

"Mstari ulipima maji, mwanangu. Habari zetu ulimuuliza yeye."

"Na wewe, kwa nini alikuacha?"

"Ili ukigonga, usikie chubwi."

Tembo aligeukia ukutani akajifanya anausawazisha, ingawa haukuwa na kasoro. Na somo lake, watoto, ni hili: ukimkabidhi mwingine walio wako, wasikilize wao kabla ya kumsikiliza yeye.

Kiboko akapiga magoti kwenye udongo ule mpya.

"Bibi," aliuliza hatimaye, "zilikuwa kata ngapi?"

"Nilizihesabu zote," akajibu Bibi Perege. "Thelathini na tisa."