Bi Pimbi na Barabara ya Wakubwa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, zamani ambazo hata bibi aliyenilea mimi alizisikia kwa bibi yake, wanyama walikuwa na nyumba, masufuria na baiskeli kama sisi. Sogeeni karibu, na huyo anayemfinya mwenzake aache.

Kule Mwambani, kwenye vilima vya mawe, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo ka maweni, mkia hana, shingo hana, ukikaona utadhani panya aliyenenepa. Bi Pimbi alikuwa na mume, watoto wa kutosha kumaliza sufuria, na baiskeli moja nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Kwa baiskeli hiyo alishuka vilima na kukata mbuga yote mpaka Ziwa la Magadi, akarudi na magadi kwenye keria, akayauza, watoto wakala. Baiskeli ikilala, na chungu kinalala.

Miguu yake haikufika kwenye pedali akikaa kitini. Basi aliendesha kama mnavyoanza nyinyi watoto: mguu mmoja ameupenyeza chini ya bomba la juu, mwili unaning'inia ubavuni, kichwa kinachungulia chini ya usukani. Kwa mbali ungeapa baiskeli inajiendesha yenyewe. Kwikwi-kwaru, kwikwi-kwaru, mnyororo unalia. Mwenyewe alikuwa akisema hakuna raha kama kuteremka kilima alfajiri, upepo umekujaa masikioni, umande unakurukia miguuni, na nchi nzima iko mbele yako haijakanyagwa na yeyote.

Lakini barabara ile ilikuwa na wenyewe. Nyati, Kifaru na Kiboko walikuwa wameweka sheria: mdogo hapiti mbele ya mkubwa mpaka mkubwa mwenyewe aseme pita. Na neno hilo halikuwatoka kamwe. Ukimkuta Kifaru anajivuta katikati ya njia, utajivuta nyuma yake mpaka jua lizame, au ushuke ukaburute baiskeli yako kwenye miiba.

Siku moja Bi Pimbi alikuwa anarudi na mzigo, wingu la mvua linamfukuza, na magadi yakilowa yanayeyuka. Mbele yake akamkuta Nyati anasukuma baiskeli kupanda kilima, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Bi Pimbi akatazama wingu, akatazama mgongo wa Nyati. Akapita. Wala hakumtukana. Alimwamkia vizuri, shikamoo mzee, akaenda zake.

Jioni wakubwa wote watatu walikuwa mlangoni kwake, wamekuja kuchukua baiskeli.

Mumewe alipiga magoti. Aliwaomba kwa majina ya baba zao, akasema mke wake ana kichwa kigumu tangu usichana, wamsamehe. Bi Pimbi hakupiga magoti. Alisimama na mwiko mkononi, ugali unamsubiri jikoni, akawauliza:

"Mnaichukua kwa sababu nimewapita, au kwa sababu mmepitika?"

Kiboko alikohoa. Kifaru alitazama kando. Nyati ndiye aliyeinama mpaka pua yake ikafika usawa wa uso wa yule mama.

"Una mdomo, wewe. Haya. Kesho sisi wakubwa tunakwenda ziwani, kutoka hapa mpaka majini bila kulala njiani. Tutakuachia chuma chako kwa siku hiyo moja. Ukitutangulia kufika, ni chako na hatukigusi tena. Ukishindwa, anakichukua mhunzi, akatufulie kengele."

"Na sheria?"

"Sheria iko palepale. Mdogo hapiti mkubwa mpaka aambiwe."

Walicheka mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Maana nyinyi niambieni, utamtanguliaje mtu kufika bila kumpita?

"Nimekubali," alisema Bi Pimbi. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba Mzee Korongo aruke juu yao njia nzima awe shahidi wa yatakayotendeka na yatakayosemwa. Wakubwa wakaridhia haraka. Aibu ya mdogo inanoga ikiwa na shahidi.

Walipoondoka, mume alimuuliza kwa sauti ya kilio atawashindaje wale. Bi Pimbi alimjibu, baba watoto, nichemshie viazi.

Asubuhi wakakutana chini ya kilima. Wakubwa hawakubeba chakula, kwa kuwa mkubwa kutafuna barabarani ni aibu. Bi Pimbi alijifunga kitenge chenye viazi na karanga mgongoni, kibuyu cha maji kimening'inia usukanini. Akawaamkia, shikamooni wazee. Kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Wazee wangu, sheria inataka mdogo akae nyuma ya mkubwa. Nami nisije nikakosa adabu. Kati yenu nyinyi, mkubwa ni nani?"

Kifaru alisema, hilo nalo la kuuliza? Kiboko alisema tumbo lake peke yake linamzidi Nyati mzima. Nyati alikanyaga pedali akatangulia, na wenzake wakaona kubaki nyuma yake ni kukiri udogo. Basi wakaanza kugombea mbele kama mbuzi kwenye pumba. Huyu akitangulia, yule anamfukuza, akitanguliwa anafukuza tena.

Na mbugani upepo ulikuwa unatoka ziwani, unawapiga usoni. Vuuu! Vumbi machoni, mchanga menoni. Lakini nyuma ya matako ya Kifaru, wajukuu zangu, palitulia kama ndani ya nyumba. Bi Pimbi alijibanza hapo, anakanyaga taratibu, anamenya kiazi kwa mkono mmoja.

Walipofika mtoni, Kiboko alisema anaingia majini apoze ngozi kidogo. Mpaka leo anapoza.

Wakabaki watatu. Na hapo ndipo mbigili ulipomwona Bi Pimbi. Psss! Tairi la nyuma likakaa chini. Wakubwa wakasikia, wakacheka bila kugeuka, wakaishia kwenye vumbi. Bi Pimbi akapindua baiskeli, akatoa mpira, akatafuta tundu kwa mate, akakwangua, akapaka gundi, akabandika kiraka, akapiga pampu mpaka mabega yakawaka. Alipoinua kichwa mbuga ilikuwa tupu.

Sasa hakukuwa na wa kumkinga. Jua lilimchoma kisogoni, upepo ulimsukuma kifuani kama mkono wa askari, na lile bomba la chuma lilimchubua kiuno kila alipoyumba. Maji yakaisha. Kuna saa katika safari ndefu ambapo mwili unaanza kukusemesha kama jirani mwenye nia njema. Mapaja yakamwambia, shuka, mama, hakuna atakayekulaumu, wewe ni mdogo. Akayajibu, najua mimi ni mdogo, nimeambiwa tangu nizaliwe, nyinyi mna jipya gani? Magoti nayo yakasema watoto watakula mizizi, pimbi wengi wanakula mizizi. Akayaambia, wanangu watakula mizizi siku wakiipenda.

Akakanyaga. Alipoona mbele ni mbali, alitazama gurudumu tu. Gurudumu likimchosha, alitazama kidole chake cha mguu, kinashuka, kinapanda, kinashuka.

Mara akawaona. Nyati na Kifaru walikuwa wamesimama pembeni, baiskeli zimelala chini, wanapimana pembe nani atangulie. Ugomvi ule ule wa asubuhi. Njia ilikuwa wazi. Nyati akamtazama kwa jicho la pembeni, akiomba moyoni apite bila ruhusa ili achukuliwe baiskeli palepale.

"Shikamooni wazee," alisema Bi Pimbi. Akakaa chini nyuma yao, akatafuna karanga.

Wakaondoka tena, mchana umeshageuka. Wakubwa njaa inawakata, shingo zimelegea. Na huko nyuma kanyama kanaimba! Nyati akashindwa kuvumilia, akageuka akamuuliza anapata wapi pumzi ya kuimbia. Bi Pimbi akamwambia ukweli mtupu, kwa kuwa ukweli nao ni mtego ukiutega saa yake.

"Upepo wangu unaubeba wewe, mzee. Aliye nyuma hapigwi. Anayetangulia ndiye anayetufanyia kazi sote."

Lo! Wale waliogombea mbele tangu asubuhi, sasa wakagombea nyuma. Nyati akapunguza mwendo ili Kifaru atangulie. Kifaru akapunguza zaidi. Nyati akamkaribisha, tangulia ndugu yangu, wewe ndiye mkubwa. Kifaru akasema hapana, umri ni wako. Wakaenda polepole, polepole, na mnajua baiskeli isipokwenda inafanya nini. Kifaru akayumba kulia, akayumba kushoto, pu! Akatua mtaroni na mguu kwenye spoku. Akasema atainuka sasa hivi, na kabla hajamaliza kusema akawa anakoroma.

Akabaki Nyati, na Bi Pimbi nyuma yake. Ziwa lilikuwa linaonekana, jeupe kama unga uliomwagika. Upepo wa hapo ulikuwa mkali kuliko wote. Nyati akipunguza, Bi Pimbi anapunguza. Nyati akisimama, anasimama. Mwisho yule dume akaegemea usukani, jasho linadondoka puani.

"Pita mbele, unikinge."

"Siwezi, mzee. Kuna sheria."

"Sheria niliitunga mimi."

"Ndiyo maana naiogopa. Nikipita utaniita sina adabu, uchukue baiskeli yangu. Nimeshayaona hayo."

"Nimesema pita."

"Unaniambia mimi, mzee, na mimi ni mdogo, neno langu halishiki. Mwambie Korongo huko juu, asikie."

Nyati akainua kichwa chake kizito, akafunga macho kwa upepo, akanguruma mpaka flamingo wakaruka ziwani:

"Pita! Pita, mama wewe, kabla sijafa!"

"Nimesikia," alijibu Korongo kutoka juu.

Bi Pimbi akapita. Kwikwi-kwaru, kwikwi-kwaru. Nyati akajikunja nyuma yake akitafuta pa kujificha, akainamisha kichwa, akakigeuza huku, akakigeuza huku. Wapi. Mama wa watu amening'inia chini ya bomba, kinga yake haizidi kifuniko cha sufuria, na upepo unaompiga yeye ni ule mdogo tu wa chini. Upepo wa juu wote ulikuwa wa Nyati, na ulimkuta katikati ya paji la uso. Kabla hajajua afanye nini, baiskeli ile nyeusi ilikuwa kidoti barabarani. Siku nzima miguu ya Bi Pimbi ilikuwa imewekewa akiba na wenye barabara.

Alifika, hakusimama ufukweni. Aliingia na baiskeli majini mpaka magurudumu yote yakalowa, akapiga kengele ndri-ndri-ndri, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nyati alikuja baadaye sana, anasukuma. Akalalamika mbele ya wote waliokuwa wakichota magadi kwamba amedanganywa, kwamba yeye alimruhusu apite kidogo tu, hakumruhusu apite moja kwa moja.

Korongo akakunja mguu mmoja, akafikiri. "Sheria yenu haisemi apite mpaka wapi," akasema.

"Lakini alinitega niseme!"

"Nilikukatalia, mzee," alisema Bi Pimbi huku akikamua kitenge chake. "Ukaningurumia."

Wachota magadi walianza kucheka mmoja mmoja, wadogo kwanza, wakitazamana kuona kama inaruhusiwa. Kisha ziwa zima likacheka. Na baiskeli ile haikuguswa tena. Kesho yake Bi Pimbi aliifunga mzigo mkubwa kuliko siku zote, akashika njia ya Mwambani, katikati kabisa ya barabara.

Nami nimeishusha hadithi hapa, anayeiweza mgongoni aibebe: ukitunga sheria ya kumkandamiza mdogo, chunga ulimi wako, maana sheria ina masikio na itakusikia na wewe.