Firigisi ya Aliyemtoa Afisa Topeni

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi ambayo mbuzi wake bado wanatafuna, palikuwa na kijiji kiitwacho Ruhangwe. Huku nyumba, kule shule, na katikati barabara. Barabara hiyo ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na mifereji pande zote mbili, ilikuwa na kalvati, ilikuwa imekamilika kwa asilimia mia moja. Ilikuwa na kasoro moja tu: ilikamilika katika taarifa. Ardhini palikuwa na tope.

Watu wa Ruhangwe hawakuwa wameisoma taarifa, kwa hiyo walizunguka kwa juu, penye vichuguu, wakafika shuleni wamechoka lakini wakavu.

Nyumba ya mwisho kabla ya tope ilikuwa ya Bi Siwatu, mjane, mlimaji wa mpunga na mpishi wa kijiji. Kila mgeni wa serikali alilishwa kwake, maana serikali, hata ikija kukagua choo cha shule, huja na njaa. Chumba cha uani alipanga Mwalimu Semeni, aliyefundisha sayansi darasa la saba. Wanawake hawa wawili walikula chungu kimoja, wakachekana, wakasukana nywele.

Mwalimu Semeni alikuwa na mume mjini. Kila jioni alipanda kichuguu, ndipo mtandao ulipokaa, akazungumza naye huku mbu wakimla miguu. Alikuwa ameomba uhamisho mwaka hadi mwaka, na kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Bi Siwatu alimwonea huruma kweli. Lakini akilala, kimoyomoyo, alimwomba Mungu ombi lile liendelee kushughulikiwa kidogo.

Kwa nini? Kwa sababu ya bintiye, Ashura. Huko nyuma Ashura alikuwa akisema sayansi ni ya watu wenye viatu. Alipoingia kwa Mwalimu Semeni, akawa hakamatiki. Siku moja alimkuta mama yake ananoa kisu.

"Mama, kisu kikinolewa kinakata kwa nini?"

"Kwa sababu kimenolewa."

"Siyo hivyo. Mkono wako unasukuma kwa nguvu ileile ya jana. Ila makali yamekuwa membamba, nguvu yote imebanana mahali padogo. Unachukua kani, yaani hiyo nguvu, unagawanya kwa eneo. Ndiyo kanieneo."

"Haya, shika kanieneo yako unikatie vitunguu."

Kesho yake Mwalimu aliwapeleka wanafunzi ukingoni mwa tope. Akawasimamisha kwa kisigino kimoja: wakazama. Akawasimamisha kwa nyayo zote mbili: wakazama kidogo. Akamkalisha Ashura juu ya ungo wa mama yake: akaelea kama bibi harusi. "Uzito ni uleule," Mwalimu akasema, "eneo ndilo jingine." Wanafunzi wakaitikia, wakaimba njia nzima. Ungo ulirudi nyumbani lakini haukurudi ukiwa ungo. Bi Siwatu akautundika hivyohivyo. Mtoto aliyekuwa akiogopa somo sasa alikuwa akiliimba, na mtihani wa taifa ulikuwa mwaka uleule. Mwalimu akiondoka sasa, nani atamalizia?

Basi, ikaja siku ya ukaguzi. Akaja Afisa Elimu, Bwana Lugusi, mtu mnene mwenye heshima zake, mkoba mkononi, viatu vya ncha miguuni. Bi Siwatu, aliyekuwa ananyonyoa kuku uani, akamwita.

"Shikamoo Bwana Afisa. Pita huku juu, mwanangu atakuelekeza."

"Marahaba, mama. Lakini barabara si ndiyo hii?"

"Hiyo ni tope, baba."

"Mama, barabara hii imekamilika. Nimeisoma mwenyewe."

Akaingia. Hatua ya kwanza tope lilimwamkia. Hatua ya pili likamkaribisha. Hatua ya tatu likamkalisha. Alipojaribu kuchomoa mguu wa kulia, wa kushoto ukazama. Alipochomoa wa kushoto, wa kulia ukaenda kuangalia mwenzake alikuwa anafuata nini. Tope likafika mapajani, na bado lilikuwa na nafasi.

Watu wakaja mbio na kamba. Wakamfunga kwapani, wakavuta. Kamba ikakaza, Afisa akalia, tope halikusikia. Wakaongeza wavutaji. Aliyekuwa mbele naye akazama magotini, ikawa sasa kuna wawili wa kutoa; huyo wakamchomoa kwa kamba ileile.

Ndipo Mwalimu Semeni akafika kutoka shuleni, vumbi la chaki kwenye kanga.

"Acheni kamba," akasema. "Nguvu mnayo. Hamna pa kuiweka. Bwana Afisa, lala."

"Nilale?"

"Lala chali, tandaza mikono, kama uko kitandani kwako."

"Mwalimu, mimi nimekuja kikazi."

"Lala, Bwana Afisa. Uzito wako ni uleule, sitaugusa. Nataka eneo. Ukisimama unalikanyaga tope kwa ncha mbili za viatu, na uzito wote huo unapita hapo. Ukilala, tope litakubeba kwa mgongo mzima."

Afisa akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayetafuta wa kumwidhinishia. Hakumwona. Akalala. Na kweli, akakoma kuzama. Lakini miguu ilibaki imeshikwa, na mtu wa kumfikia hakuwepo, maana kila aliyetia mguu alitaka kubaki.

"Tunahitaji kitu kipana," Mwalimu akasema, "kipana na kigumu. Ungo hautoshi."

Macho yakazunguka. Bi Siwatu akajua yanakokwenda, akayatangulia. Alikuwa na mlango wa jikoni wa mninga, aliouchonga marehemu mumewe kwa mkono, mlango mmoja tu wa maana kijijini. Hakungoja kuombwa. Akaingia ndani, akaung'oa bawabani kwa mpini wa jembe, akaubeba kichwani, akautupa juu ya tope. Mbuzi wa jirani, kuona jiko halina mlango, wakaingia kusalimia mchicha.

Mlango ukalala juu ya tope, haukuzama. Nani sasa apande? Vijana walikuwa wazito na waoga. Akajitokeza Mzee Kindamba, mchimba mashimo ya nguzo, mkavu kama ukuni, mkononi mtaimbo wake, chuma chenye ncha anachotobolea ardhi.

"Mzee, shikamoo," Mwalimu akasema. "Utaweza?"

"Marahaba. Nikizama mimi, mtapoteza nini? Kofia tu."

Akajilaza kifudifudi juu ya mlango, akajivuta kama kenge, tope likamwingia kidevuni, likamwingia sikioni, akafika. Akashika mguu wa Afisa, akavuta. Haukuja. Tope lilikuwa limeunyonya kama mtoto anyonyavyo.

"Haliachi," akapiga kelele.

"Usivute," Mwalimu akajibu. "Choma kwa mtaimbo kando ya kisigino, utoboe mpaka chini, maji na hewa vipate pa kuingia. Ncha ni nyembamba, haitahitaji nguvu nyingi. Ni somo lilelile, nimeligeuza tu. Mlango ni mpana ili usizame. Mtaimbo ni mwembamba ili uzame."

"Somo baadaye, Mwalimu, nina tope sikioni."

Lakini akachoma. Kando ya mguu wa kulia, na ncha ilikuwa karibu na nyama, mkono ungeteleza Afisa angebaki kiwete. Haukuteleza. Tope likapiga chafya, mguu ukatoka bila kiatu. Akachoma kando ya mguu wa kushoto, ukatoka. Afisa akaburutwa juu ya mlango, akavutwa mpaka majani makavu, akaketi pale amekumbatia mkoba. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Taarifa ile nani aliisaini?"

Mlango haukurudi. Ulikuwa umekaa vizuri mno, na jioni ileile wanafunzi walianza kuupita wakienda nyumbani. Ukawa kipande pekee cha barabara kilichokamilika.

Afisa akaoshwa, akavishwa kikoi cha marehemu, akaketishwa mkekani. Kuku akaiva. Hapa msikilize vizuri, maana hapa ndipo penye shughuli.

Pale Ruhangwe firigisi ya kuku ni ya mgeni wa heshima. Mwanamke haili. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyo, na aliyekuambia atakuwa anaitafuna. Tena firigisi haikatwi. Ikikatwa si firigisi, ni nyama. Mpishi ndiye anayeipakua, na ikishatua kwenye sahani, neno limekwisha.

Bi Siwatu akaja na sufuria, akataka kumpakulia mgeni. Afisa akafunika sahani yake kwa kiganja.

"Mimi leo sili heshima," akasema. "Leo heshima yangu iko kule chini, na kiatu. Firigisi ale aliyenitoa, awe amevaa kofia au amevaa kanga. Na atakayeila aniombe jambo moja, nami nitalibeba mwenyewe mpaka wilayani, sitatoka mezani kwao mpaka litiwe saini."

"Moja tu?" akauliza Mzee Kindamba. "Na ukubwa wote huo?"

"Nikibeba matatu, Mzee, nitakuwa kama ule mlango. Yatatandazwa juu ya meza yao, yatakaa juujuu, hayatazama hata wino. Nikibeba moja, nitakuwa kama mtaimbo wako."

Mwalimu Semeni akacheka mpaka akashika ukuta. "Bwana Afisa, wewe umefaulu," akasema. "Nimefundisha muhula mzima, wewe umeelewa kwa kuzama mara moja."

Wakaanza kudai, kwa kucheka, lakini kila mmoja macho yakiwa sufuriani.

Mzee Kindamba akasema: "Maneno hayachafuki. Mwalimu alisimama pakavu. Mlango ulilala, na hata mbuzi anajua kulala. Nani tope lilimwingia sikioni? Nani alichoma kando ya nyama ya serikali bila kuigusa? Ni mimi. Mkinipa mimi, nitaomba barabara, ile ya ardhini."

Mwalimu Semeni akasema: "Mzee, heshima yako. Lakini mtaimbo wako ulikuwepo, mlango ulikuwepo, nguvu ilikuwepo, na Bwana Afisa alikuwa anazama palepale katikati ya vyote. Kilichokosekana ni akili ya kuviweka mahali pake. Nisingefika, mngevuta kamba mpaka mkatoa kichwa peke yake, mkaandika taarifa kwamba ametolewa kwa asilimia kumi." Sauti yake ikashuka. "Mkinipa mimi, mnajua nitakachoomba. Nimechoka kuongea na mume wangu juu ya kichuguu."

Hapo kila mtu akatazama chini, maana walimpenda.

Mzee Kindamba, mtu wa haki, akakuna sikio lake lililoingiwa tope. "Lakini hatujamsikia mwenye mlango," akasema. "Mimi ningepanda juu ya nini? Na akili ya Mwalimu ingelala juu ya nini? Sisi tumeoga, tumemaliza. Siwatu usiku wa leo analala na jiko wazi, na kile kilikuwa kitu cha marehemu. Siwatu, dai."

"Mpishi hadai," Bi Siwatu akasema.

"Leo anadai," akasema Afisa. "Mimi mwenyewe ningedai, maana nilikubali kulala, na kwetu ofisini kulala bila kibali si jambo dogo."

Wakacheka. Bi Siwatu hakucheka. Alikuwa ameshika mwiko, na juu ya mwiko firigisi, ndogo, nyeusi, inafuka moshi. Mbele yake sahani tatu: ya Mzee, ya Mwalimu, na ya kwake mwenyewe, ambayo tangu azaliwe haijapata kuonja kitu hicho.

Akamtazama Mzee Kindamba. Akimpa yeye, barabara itakuja, na watoto wote wa Ruhangwe watafika shuleni wakavu, wajukuu wa watu ambao hata hajawajua.

Akamtazama Mwalimu Semeni. Akimpa yeye, haki itakuwa imetendeka, na chumba cha uani kitakuwa kitupu kabla ya mtihani, na Ashura atabaki na wimbo bila mwimbishaji.

Akaitazama sahani yake. Hakuna aliyejua angeomba nini. Walidhani ataomba mlango. Yeye alijua ataomba Mwalimu abakizwe mwaka huu, huu tu, mpaka mtihani upite. Angeomba akiwa amemketisha rafiki yake mbele yake, naye anasikia.

"Mama," Ashura akanong'ona kutoka mlangoni, yaani pale palipokuwa na mlango, "firigisi inapoa."

Kisu kilikuwa hapo kando, kimenolewa asubuhi, chembamba, kikali. Kingeipasua firigisi ile vipande vitatu bila mkono kutumia nguvu. Bi Siwatu alikiona. Akakisukuma mbali kwa kiwiko, maana ikikatwa si firigisi, ni nyama, na ombi likikatwa vipande vitatu halipenyi popote.

Mwiko ukasogea. Ukasimama juu ya sahani.

Mimi hadithi yangu imefika mwisho wa mwiko, zaidi ya hapo sikukaribishwa. Mmesikia wenyewe. Mmoja alijua, mmoja alitoa, mmoja alijitosa. Wa kujua bila mlango angefundisha mazishi. Mlango bila wa kupanda ungekuwa mbao. Wa kupanda bila wa kujua angezama na mtaimbo wake. Na mwenye kupakua ana lake moyoni, jema, asilolisema.

Haya, nyinyi mliokaa pakavu, mwiko ushikeni nyinyi: je, firigisi ilistahili kutua kwenye sahani ya nani?